Tupeane uzoefu: habari ya mkimbizi inaharibikia wapi kabla ya kumfikia msomaji?

Mhariri wa Zamu: Wakuu, mnaoandika na kuhariri habari za siasa hapa Dar, tuwekeane tunachokijua. Naanza na majina. Mwomba hifadhi ni mtu ambaye ombi lake halijaamuliwa. Mkimbizi analindwa na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, na kwetu Afrika na ule wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969, unaowaingiza pia wanaokimbia vita na machafuko hata kama hakuna aliyewalenga mmoja mmoja. Sasa mtu anakamatwa nje ya kambi huko Kigoma, habari inafika mjini kwa simu, kichwa kinatoka "Wahamiaji haramu wanaswa". Muulize mwandishi: ameandikishwa kwenye kambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu? Kama ndiyo, huyo ni mkimbizi aliyetoka bila kibali kinachotakiwa na Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Liandikwe kosa hilo, si lingine. Anayeandikwa hana gazeti la kujibia.

Mzee wa Takwimu: Kwenye idadi ndiko kunakoumiza zaidi. Kila namba iwe na tarehe, chanzo, na neno moja kati ya mawili: waliowasili au waliopo. Aprili 1994 Wanyarwanda takriban 250,000 walivuka mpaka pale Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24 hivi. Hiyo ni ya waliowasili. Wengi wao walirejeshwa Desemba 1996. Vilevile Warundi takriban 162,000 wa kundi lililoingia nchini 1972, wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walikubaliwa uraia. Ukijumlisha waliowasili miaka yote bila kutoa hawa, umehesabu watu walioondoka, na Watanzania wenzako ukawaita wakimbizi.

Msanifu Kurasa: Picha ya maktaba iandikwe mahali, mwezi na mwaka, si "picha ya maktaba" peke yake. Tazameni bango la Juni 2016 Uingereza la UKIP, chama kilichotaka nchi hiyo ijitoe Umoja wa Ulaya: lilionyesha msururu mrefu wa wahamiaji, wiki moja kabla ya kura ya kujitoa. Msururu ule wa watu ulipigwa picha Slovenia 2015, wakitokea Croatia. Picha ni ya kweli kabisa. Ila kuingia Slovenia hakukuwapa njia ya kufika Uingereza, nayo haikuwa kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipakani kati yao. Kabla ya kuchapa, itafuteni kwenye intaneti kwa kupakia picha yenyewe badala ya maneno, msome maelezo ya kwanza ya mpiga picha.

Dawati la Siasa: Mgombea akisema wakimbizi wameleta ujambazi, mwombe idadi ya kesi, wilaya, na kipindi. Akikosa, andika kwamba hakutoa. Na angalia kalenda: mpaka wetu na Burundi ulifungwa Machi 1995, uchaguzi wa vyama vingi ukawa Oktoba. Tarehe hizo mbili ziwekwe pamoja, lakini usiandike moja ilisababisha nyingine bila ushahidi.

Mhariri wa Zamu: Ahsanteni. Kuna vitenzi pia. "Wamefurika" na "wamevamia" viondolewe, cha kwanza ni cha mto, cha pili ni cha jeshi. Tuna "wamevuka", "wamepokelewa", "wameandikishwa". Hizo ni hatua tatu tofauti pale mpakani, na mwandishi anatakiwa ajue watu anaowaandika wamefikia ipi.