Pesa ikichotwa kupitia simu, hasara ibebwe na nani?

Mkwawa_Jr: Wadau, salaam. Laini ya shangazi ilikata mtandao Jumamosi jioni, akadhani ni kawaida, akalala. Asubuhi akaunti yake ya benki imekombwa. Kuna mtu alikwenda kurudisha laini kwa jina lake, yaani kuomba kadi mpya ya namba ileile, akapewa, akabadilisha nywila ya benki, akachota. Benki wanasema miamala yote ilithibitishwa. Kampuni ya simu wanasema aliyefika alijitambulisha vizuri. Wanarushiana mpira, mama wa watu analia. Mimi nasema aliyetoa laini kwa asiye mwenyewe alipe, na benki iliyoacha akaunti ikombwe usiku mmoja ilipe. Mnasemaje?

Kigogo wa Tegeta: Pole kwa shangazi, lakini tuambiane ukweli. Hela haitoki bila namba ya siri. Amempa mtu. Wazee wetu wanaandika namba ya siri nyuma ya kadi, wanamkabidhi simu kijana wa dukani, "nisaidie kutoa mwanangu". Halafu benki ilipe? Ikilipa, inalipa kwa hela zetu sisi tunaojichunga.

Mkwawa_Jr: Mkuu, shangazi ndiye mweka hazina wa VICOBA yao miaka yote. Hajampa mtu namba. Usimseme mtu usiyemjua.

Fundi wa Aggrey: Kigogo, si lazima utoe namba ya siri. Mwenye laini yako anaingia kwenye barua pepe, anabonyeza "nimesahau nywila", tarakimu zinatumwa kwenye laini ambayo sasa iko kwake. Humo anakuta taarifa za akaunti na picha ya kitambulisho cha NIDA uliyowahi kumtumia mtu ukaisahau. Kisha anaiomba benki nywila mpya, inakuja palepale. Na simu ninazoletewa hapa Kariakoo, nyingi nywila ya barua pepe ndiyo ya Facebook na ndiyo ya benki. Ondoeni uthibitisho wa barua pepe kwenye meseji, tumieni programu kama Google Authenticator, maana hiyo inakaa ndani ya simu, haimfuati aliyeiba laini. Mtandao ukikata ghafla na wenzako hapo wanao, azima simu, pigia kampuni na benki usiku huohuo. Usilale.

Mwanamji: Mnazunguka. TCRA wenyewe, mamlaka ya mawasiliano, kwenye taarifa zao za robo mwaka wameshaitaja Rukwa inaongoza kwa majaribio ya utapeli, Morogoro inafuata. Zifungwe laini zote za huko mwezi mmoja tuone kama "ile hela tuma kwenye namba hii" itamfikia mtu.

Binti Ufipa: Mwanamji, futa hiyo. Nimezaliwa Sumbawanga. Baba yangu analima mahindi, ana simu ya batani, na hizo meseji anazipokea kama wewe. Huyo aliyerudisha laini ya shangazi aliipandia basi kutoka Sumbawanga?

Mwanamji: Dada, sijatukana kabila. Nimetaja mkoa, na takwimu si zangu.

Mluguru Asilia: Na sisi tumeingiaje? Morogoro inaanzia Gairo mpaka Malinyi, wote wezi? Ukitapeliwa na mtu wa Dar mbona husemi Dar ifungiwe?

Otis wa Nakuru: Huku Kenya tumeimba Mulot miaka na miaka, mji unaotajwa kwa utapeli wa simu, pale mpakani mwa Bomet na Narok. Vijana wamekamatwa pale mara nyingi na wizi haukuisha. Kilichonisaidia mimi ni *100*100# ya Safaricom: ukishajiandikisha, wakala hawezi kubadilisha laini yako, ni lazima ufike dukani kwao.

Mdau Leicester: Huku Uingereza tangu tarehe 7 Oktoba 2024, ukitapeliwa ukatuma hela mwenyewe kwenda akaunti ya benki nyingine, unarudishiwa hadi pauni 85,000, isipokuwa uzembe uwe umepita kiasi. Benki iliyotuma na iliyopokea zinagawana nusu kwa nusu. Aliyempokelea mwizi naye anaumia mfukoni.

Kigogo wa Tegeta: Ninyi wa ughaibuni mkishavuka bahari mnatuona hatujui kitu. Lete sheria hiyo hapa uone watu wanavyotumiana hela na binamu zao, kesho wanakuja benki wanalia wameibiwa.

Mdau Leicester: Kwa hiyo aliyeibiwa kweli akose haki kwa sababu ya binamu yako?

Wakala Mbagala: Mimi imeniuma hiyo ya "wakala hawezi". Kila mjadala mwizi ni wakala! Tangu usajili wa alama za vidole, zile laini zilipoanza kuzimwa Januari 2020, sirudishi laini bila kidole kusoma. Aliyerudisha ya shangazi ana mtu wake ofisini, si mimi ninayekaa juani kwa kamisheni ya kuokoteza.

Fundi wa Aggrey: Wewe labda. Wenzako wanachezea vidole. Mteja anaweka kidole, anaambiwa "haijasoma, futa jasho, weka tena". Kumbe ya kwanza ilishasoma. Ya pili inasajili laini nyingine kwa NIDA yake, na hiyo ndiyo inayokwenda kutapeli watu. Pigeni *106# muone namba zilizosajiliwa kwa majina yenu. Meseji za matapeli nazo msifute, zitumeni 15040.

Binti Ufipa: Nimempigia baba, jirani kamsaidia kubonyeza *106#. Kuna namba mbili hazijui kabisa. Mwanamji, umesikia? Zikituma utapeli, jina litakalotajwa ni la mkulima ambaye hata kuandika meseji hajui.

Mwanamji: Na zilisajiliwa wapi kama si hukohuko Rukwa?

Mkwawa_Jr: Wakala, unasema hakuna laini bila kidole. Basi Jumamosi kilisomwa kidole cha nani? Nawaandikia kampuni ya simu barua wanijibu hilo. Na benki wakiendelea kukaa kimya, malalamiko yanakwenda Benki Kuu.

Wakala Mbagala: Andika. Hata mimi nataka kujua.

Binti Ufipa: Wakala, hizo mbili za baba zinafutwaje?

Wakala Mbagala: Aende ofisi ya kampuni yenyewe na kitambulisho. Sisi mawakala hatuna uwezo wa kufuta.

Binti Ufipa: Kusajili mnaweza hapo barabarani kwa dakika moja, kufuta mpaka mzee apande gari kwenda mjini? Nauli anampa nani?