Fernwood au Monte Nido: tununue wapi?

MamaZuhra: Habari za jioni ndugu zangu. Tumebakiza nyumba mbili za kuchagua kwenye milima ya Santa Monica, hapa Los Angeles. Moja iko Fernwood, Topanga. Nyingine Monte Nido, karibu na Malibu Canyon. Bei zinakaribiana. Ya Fernwood inaona bahari na moyo wangu uko huko, lakini mume wangu anahofia moto. Wenyeji mnasemaje?

MtotoWaPangani: Dada, anza na njia za kutokea. Nimepanga Fernwood miaka sita. Barabara yetu nyembamba, kona tupu, na karibu sote tunashukia barabara kuu ya 27, ile ya Topanga Canyon. Barabara iitwayo Tuna Canyon ipo, ila kule chini kuelekea baharini ni ya upande mmoja. Monte Nido unatokea kwa barabara ya Malibu Canyon, au Cold Canyon hadi Mulholland, au unapanda Piuma. Januari 2025, moto wa Palisades ulipowaka, tulihama na watoto wakiwa na nguo za kulalia. Kisha 27 upande wa baharini ikafungwa miezi kadhaa kwa maporomoko.

Wanjiku818: Kuhusu barabara ni kweli, lakini Monte Nido nako kumeungua. Moto wa Woolsey, Novemba 2018, ulivuka barabara kuu ya 101 ukafika huko. Pepo za Santa Ana ni zilezile: kavu, zinatoka jangwani na kufuata makorongo hadi baharini.

FundiSalum: Mimi ni fundi paa, dada yangu. Ikague nyumba yenyewe. Nyingi zinawashwa na makaa yanayorushwa na upepo, moto wenyewe ukiwa bado mbali. Yanaingia kwenye matundu ya hewa ya dari, au yanatua kwenye majani makavu ndani ya mfereji wa paa. Matundu yawe na wavu wa chuma wa milimita 3 au chini ya hapo. Mita moja na nusu kutoka ukutani iwe kokoto tu, pasiwe na kichaka wala uzio wa mbao. Na je, nyumba ilijengwa kwa kufuata kanuni za 2008, zile za California za ujenzi kwenye maeneo ya moto wa nyikani?

MamaZuhra: Ya Monte Nido ilijengwa upya baada ya Woolsey. Ya Fernwood ni ya zamani, ina baraza ya mbao. Na bima?

Wanjiku818: Pata bei ya bima kabla ya kusaini chochote! Kampuni zikikukataa unabaki na FAIR Plan, mpango wa bima wa California kwa waliokataliwa kwingine. Inalipa moto na moshi. Wizi na bomba kupasuka unakatia bima nyingine.

MamaZuhra: Asanteni sana. Dalali wa Fernwood nimemwambia asubiri. Jumamosi tunapita Piuma na Cold Canyon na watoto, tuhesabu dakika.