Mwenye shahada ya Kiswahili arudi darasani kusomea programu za kompyuta?

Makorora: Mdogo wangu alihitimu Kiswahili na Historia miaka mitatu iliyopita, na hadi leo hajapata nafasi ya ualimu. Sasa anataka kuanza upya katika uhandisi wa programu. Baba amekataa kulipa ada kwa mara ya pili, na nyumbani tumegawanyika. Naomba mawazo yenu.

Chumbageni: Aende, ila asitarajie kupokelewa moja kwa moja kwenye shahada, kwa sababu aliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) hana hisabati ya kidato cha sita ambayo vyuo vingi huitaka. Aanzie astashahada kwa cheti chake cha kidato cha nne, kisha apande hadi stashahada. Miaka aliyoitumia kwenye mashairi imekwisha kupotea.

Ngamiani: Ndugu yangu, umeandika neno "kupotea" ukiwa hapa Tanga? Shaaban Robert alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akawa karani wa forodha, na tungo hazikumzuia kufanya kazi ya hesabu na nyaraka. Futa kauli hiyo.

Chumbageni: Sifuti. Mfano wako unaniunga mkono mimi, kwa kuwa mshahara wake ulitoka forodhani.

Ngamiani: Basi wewe humjui unayemzungumzia. Forodha imesahau jina la kila karani wa zama zile isipokuwa huyo mmoja.

Raskazone: Mimi nilisoma Kiswahili, na leo naandika programu. Nilipoajiriwa nilikuta programu ya duka inayotoa taarifa kwamba "vitabu 3 imeuzwa" na "maembe 5 imeuzwa", kwa sababu aliyeitengeneza alidhani kwamba lugha yoyote inahitaji umoja na wingi tu. Ilibidi tuhifadhi ngeli ya kila bidhaa pamoja na jina lake, ili kitenzi kipate kiambishi chake, na kazi hiyo nilipewa mimi kwa kuwa wenzangu waliobobea katika hesabu hawakuwa wameona kosa lolote. Tena jambo hili si geni: Larry Wall, aliyetoa lugha ya kompyuta iitwayo Perl mwaka 1987, alisomea isimu, na uainishaji wa sarufi alioutoa mwanaisimu Noam Chomsky mwaka 1956 hufundishwa hadi leo kwa wanaojifunza namna kompyuta inavyochanganua msimbo. Hata hivyo sitamdanganya binti huyu. Mantiki na hesabu za seti zilinitoa machozi mwaka mzima, na ziko siku nilizokaa tangu asubuhi hadi usiku nikitafuta alama moja iliyokosekana.

Chumbageni: Ngeli za maembe hazilipi ada.

Ngamiani: Aliyeyaleta mashairi kwenye suala la ada ni wewe.

Pongwe: Nami ni mzazi. Kama alisoma kwa mkopo, akipata ajira Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wake, iwe ni wa ualimu au wa kompyuta. Huyo baba asiitwe mkaidi.

Makorora: Hakuna aliyemwita mkaidi, mzee wangu. Mdogo wangu amesoma yote haya, na ana swali moja kwa Raskazone: kuku mliwaweka katika ngeli gani, ikiwa jina halibadiliki katika wingi lakini kitenzi hubadilika?

Raskazone: Tuliwakosea kwa wiki mbili. Mwambie aniandikie.