Msaada wakuu: maneno ya kitabibu hayaingii kichwani, testi ya kwanza nimepata 31

binti_wa_utabibu

Habari wakuu, wakubwa shikamooni. Mimi nipo mwaka wa kwanza utabibu, ndo semista ya kwanza hii. Form four Baiolojia nilipata B kwa hiyo nilikuja nikijua ntaenda vizuri tu, lakini tangu nimefika hapa kila mwalimu anayeingia anamwaga maneno ambayo hata kuyatamka siwezi.

Ticha alitupa orodha ya maneno kama 200 akasema testi itatoka humo. Nikakariri wiki nzima, nalala saa nane usiku, naamka saa kumi na moja narudia tena, yaani mpaka rumeti ananihurumia. Naingia kwenye chumba cha mtihani nakutana na cholecystectomy, hepatosplenomegaly, haematemesis, kichwa cheupe kabisa. Hiyo haematemesis nikaandika kukojoa damu. Nimepata 31 kwa 100.

Mzee wangu ameuza ng'ombe wawili ili nifike hapa na mwezi ujao tunaanza kuingia wodini. Naombeni mnisaidie, nyie mliopita huku mlikariri vipi haya maneno?

kijana_wa_maabara

Pole sana dada. Mi ilinisaidia Anki, ni programu ya simu, kwa Android ni bure, unaandika neno upande mmoja na maana upande wa pili, yenyewe inakukumbusha kila siku yale unayoyasahau. Weka maneno 30 kwa siku, wiki moja hivi umemaliza.

mama_wa_wodi_9

Marahaba binti yangu. Mi ni nesi, nina miaka 22 kazini. Samahani kijana wa maabara sikupingi hiyo Anki, ila maneno 30 kwa siku ndo kitu kilekile kilichompa 31.

Mwanangu nisikilize. Neno ALIMPIKIA, kuna mtu yeyote aliwahi kukukalisha ukalikariri? Hakuna. Unajua "a" ni yeye, "li" ni wakati uliopita, "m" ni huyo aliyetendewa, "pik" ndo kazi yenyewe, halafu "ia" inakuambia ni kwa ajili ya mtu. Ukitoa "pik" ukaweka "shon" umepata alimshonea, na hata kama hujawahi kulisikia maisha yako yote unalielewa hapohapo. Sasa haya maneno ya kitabibu nayo yameungwa vipande vipande, tofauti ni kwamba vipande vyake vimetoka Kigiriki na Kilatini. Mswahili tena una bahati maana umezaliwa unaunga na kukata maneno.

Chukua hilo lililokutisha, cholecystectomy. Anza MWISHO, usianze mwanzo. -ectomy ni kukata kitu na kukitoa. Cyst ni mfuko. Chole ni nyongo. Kwa hiyo ni operesheni ya kutoa mfuko wa nyongo, imeisha hiyo. Hepatosplenomegaly, mwisho -megaly ni kukua kupita kawaida, spleno bandama, hepato ini, basi ini na bandama vimekua. Mtoto mwenye malaria ya kurudiarudia unampapasa tumbo upande wa kushoto chini ya mbavu unaikuta ile bandama imeshuka. Ukishaigusa kwa vidole vyako mara moja hilo neno hulisahau mpaka kufa.

Na ile damu yako, haem ni damu, kinachobadilika ni mkia. Haematuria ina -uria, mkojo, ndo kukojoa damu. Haematemesis ina emesis, kutapika. Haemoptysis ni kukohoa damu. Zikae pamoja hizo tatu maana ndo wengi wanapochanganya, siyo wewe peke yako.

Usikariri maneno 200, kariri vipande 60 hivi na utafungua maneno mengi mno ambayo hata ticha hajakupa. Nunua karatasi ya manila kata vikadi, mbele andika kipande, nyuma andika maana KWA KISWAHILI pamoja na mfano mmoja. Usiandike maana ya Kiingereza, utakuwa unakariri mara mbili.

binti_wa_utabibu

Mama asante sana, nimesoma nikatokwa na machozi, hakuna aliyewahi kunielezea hivi. Swali, kwa nini figo mara ni renal mara ni nephro? Na kwenye notisi zetu kuna oesophagus, yaani umio, halafu kwenye simu naona esophagus, ipi sahihi?

tabibu_wa_zahanati

Ngoja nimsaidie mama. Viungo vingi vina mizizi miwili, mmoja wa Kilatini mmoja wa Kigiriki. Mara nyingi ukitaja sehemu ya mwili wanatumia Kilatini na ukitaja ugonjwa au operesheni wanatumia Kigiriki. Ndo maana mshipa ni renal artery lakini ugonjwa ni nephritis. Mapafu hivyohivyo, pulmonary artery huku, pneumonia kule. Na hiyo renal na pulmonary ulishazisoma kwenye Baiolojia, kwa hiyo huanzi sifuri. Oesophagus ni Uingereza, esophagus ni Marekani, zote sahihi. Huku kwetu wengi wanafuata ya Uingereza ila vitabu vimechanganyika, kwa hiyo ukitafuta neno kwenye E ukalikosa angalia O, na haem utaikuta pia kama hem.

Kitu ambacho nakuomba usikifanyie mzaha ni vipande vidogo vya mbele. Hyper ni juu, hypo ni chini. Nikiwa field mwaka wa pili daktari alitaja hypoglycaemia, yaani sukari ya damu kushuka, kwenye raundi, wodi ina kelele, mi nikaandika hyper kwenye daftari langu na baadaye nikamwambia mwenzangu kwamba yule bibi wa kitanda cha dirishani sukari yake imepanda. Bahati nzuri sista aliyekuwa zamu akarudia kumpima kidoleni kabla ya kufanya chochote. Aliyeshuka sukari anatakiwa apewe sukari, ukimpa insulini, dawa ya kushusha sukari, unaweza kumuua. Mpaka leo nikisikia neno lenye hypo au hyper namwomba aliyesema arudie, na sioni aibu. Nawe fanya hivyo, na uyatamke kwa sauti ukisoma, usisome kwa macho tu. Zipo nyingine za hivyo, dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia ni shida ya lugha, mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa nazo zote mbili.

mjukuu_wa_lushoto

Naongeza kimoja wanachokisahau waalimu wengi. Mgonjwa hatakuambia epigastric pain, atakuambia "daktari chembe ya moyo inaniuma". Mwanafunzi tuliyekuwa naye aliandika maumivu ya moyo, akataka kukimbilia presha na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Tabibu mkubwa akamwambia mama naomba uoneshe kwa kidole, mama akaweka kidole hapa juu ya kitovu chini ya kifua, akauliza ukila inakuwaje, akasema nikikaa na njaa ndo inazidi. Hapo unafikiria vidonda vya tumbo. Ila tahadhari, moyo nao wakati mwingine unaumia hapohapo hasa kwa watu wazima, kwa hiyo usiache kuuliza kuhusu jasho na kuhema.

Na Kiswahili chetu mguu ni kuanzia nyongani mpaka vidoleni, mkono hivyohivyo. Akisema mguu unauma lazima umwambie aoneshe. Busha na ngiri, kichomi, degedege, pepopunda, kifaduro, hayo yote tafuta jina lake la darasani uliandike kwenye hivyo vikadi vya mama, maana wodini utafanya kazi ya kwenda na kurudi kati ya lugha mbili siku nzima.

kijana_wa_maabara

Mama nimekubali. Dada basi weka hivyo vipande ndani ya Anki badala ya maneno mazima, itakukumbusha ukiwa kwenye daladala.

binti_wa_utabibu

Wakuu nimerudi. Leo siku ya nne, manila moja imetoa vikadi 48. Jana usiku nikafungua kitabu ukurasa wowote nikakutana na cholecystitis, sijawahi kuiona. Nikaanza mwisho, -itis ni ule uvimbe wenye moto na maumivu, cyst mfuko, chole nyongo. Nikaangalia maana nikakuta ndo hiyohiyo! Nikamwamsha rumeti. Ila nimekwama kwenye cystitis, mfuko upi sasa maana chole haipo?

mama_wa_wodi_9

Hongera mwanangu! Cyst ikisimama yenyewe hivyo wanamaanisha kibofu cha mkojo. Ndo wale kinamama wanaokuja wanasema mkojo unachoma na unatoka kidogokidogo. Haya nikupe nyingine ulale nayo, lith ni jiwe, -iasis ni hali ya kuwa na kitu. Cholelithiasis?

binti_wa_utabibu

Mawe kwenye nyongo!!

mama_wa_wodi_9

Haya, kata manila ya pili.