Fangasi wa mapajani: nikipaka tyubu wanapotea, nikiacha wanarudi na ndugu zao. Msaada wakuu

Dereva wa Mbagala:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni bodaboda, asubuhi mpaka usiku niko juu ya chombo, suruali ya jinsi imebana na jua la Dar mnalijua wenyewe. Nina fangasi mapajani huku juu karibu na nyeti, ilianza kama kiduara kidogo kinawasha kikawa kinatanuka pembeni huku katikati panapona. Duka la dawa nikapewa tyubu wanasema inatibu kila kitu, fangasi, bakteria, aleji, na kweli muwasho unakata fasta ila nikiacha tu wanarudi na eneo linakuwa kubwa zaidi, saa hizi wameshafika makalioni na ngozi imeanza kuweka michirizi kama ya mama mjamzito. Mwili si una askari wake jamani, wangu wako wapi? Au kinga imeshuka? Natanguliza shukrani, wa kucheka cheka pita kule.

Kandambili:
Pole mkuu 😂 sicheki. Anza na hiyo jinsi, vaa kitu cha pamba kinachopitisha hewa, ukioga jikaushe mpaka kwenye mikunjo na taulo usichangie na mtu.

Mama Pilipili:
Twanga kitunguu swaumu paka usiku, asubuhi utanishukuru

Binti Nesi:
@Mama Pilipili hapana dada, kitunguu swaumu kibichi kinaunguza ngozi na hapo ni mapajani, ataamka na malengelenge juu ya fangasi. Usijaribu kaka.

Mzee wa Hadubini:
Dereva, soma boksi la hiyo tyubu, ukikuta betamethasoni au klobetasoli mchawi wako ndio huyo. Hizo ni steroidi.

Ipo hivi. Fangasi wa hivi chakula chao ni ile ngozi iliyokufa ya juu, nywele na kucha. Ndani hawaendi, joto la nyuzi 37 linawasumbua fangasi wengi, halafu kule kuna seli nyeupe zinawasubiri. Ngozi nayo haijalala, kila siku inajibandua na kuwamwaga nje, ina asidi kidogo na mafuta wasiyoyapenda. Sasa ule wekundu na muwasho unaokukera, hapo ndio mwili uko kazini, seli nyeupe zimeitwa na ngozi inajibandua haraka haraka, ndio maana katikati panapona na ukingo ndio unawaka. Ukipaka steroidi umewaamuru askari warudi kambini. Muwasho unakata, unaona umepona, kumbe fangasi yuko peke yake uwanjani anajitanua tu, na dawa ya fangasi iliyochanganywa humo humalizi dozi maana ukiona kimya unaacha. Michirizi nayo ni steroidi, inakondesha ngozi na mapajani inanyonywa sana, na hiyo haifutiki yote.

Dereva wa Mbagala:
Duh!! Nimesoma boksi, betamethasoni ipo. Sasa natumia nini, na kinga yangu ni nzima au?

Mzee wa Hadubini:
Acha hiyo. Kwa kuwa imesambaa hivyo nenda wakukwangue ngozi kidogo waangalie kwenye hadubini, kipimo cha dakika chache tu, halafu daktari ataamua kama unahitaji vidonge vya terbinafini au ya kupaka inatosha. Ukipewa klotrimazoli tupu ya kupaka, isiyochanganywa na steroidi, ni mara 2 kwa siku na unaendelea wiki 1 mpaka 2 baada ya ngozi kuwa safi. Jiandae, ukiacha steroidi muwasho utapanda kwanza, usikimbilie tena ile tyubu.

Kinga sasa. Kijana mwenye afya zake anapata hii kwa jasho tu, usijitie presha. Ila kwa jinsi ilivyoenea pima sukari na HIV, ni busara.

Kandambili:
Angalia na katikati ya vidole vya miguu mkuu. Wengi fangasi wanatoka huko, ukivaa boksa unawapandisha wenyewe. Tibu kote na uvae soksi kwanza ndio boksa.

Dereva wa Mbagala:
Vidole vinachanika kweli, nilijua ni maji ya mvua.

Binti Nesi:
Basi hao hao. Na wengine mnaosoma, utando mweupe mdomoni na kumeza kunauma kwa mtu mzima msiuchukulie poa. Huyo ni kandida, tunaishi naye siku zote, anapanda mtu akitumia antibayotiki sana au CD4 zikishuka, yaani zile seli nyeupe za kinga ambazo HIV inaziua. CD4 zikiwa chini ya 100 yupo na fangasi mwingine, kriptokokasi, unamvuta kwa hewa anaenda mpaka kwenye ubongo, kichwa kinauma wiki nzima watu wanameza panadol. Huyo haponi kwa tyubu, ni hospitali haraka.

Abiria Mzoefu:
Samahani nje ya mada, hizi helmeti zenu tunazovaa abiria wote haziambukizi mapunye?? 😂

Mzee wa Hadubini:
Uwezekano upo ila mapunye ni ya watoto zaidi, ukishabalehe mafuta ya kichwani yanabadilika na fangasi wale hayawafai. Mtoto ndio umwangalie, na wake hawaponi kwa kupaka maana wameingia kwenye unywele wenyewe, anahitaji dawa ya kumeza kama griseofulvini, wiki 6 mpaka 8, anywe na chakula chenye mafuta.

Dereva wa Mbagala:
Kesho naenda kukwanguliwa. Helmeti nafua wakuu, msinikimbie.