Nimeuza gari ila mnunuzi hataki kubadili umiliki, nifanyeje?

Wakuu naombeni ushauri, niliuza IST yangu hapa Mwanza kwa jamaa wa Sengerema, mkataba tuliandikishana kwa wakili, kadi orijino nikamkabidhi na kopi ya kitambulisho chake ninayo, lakini mpaka leo hajaenda TRA kubadili umiliki na simu zangu hapokei. Nikicheki namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki nakuta faini za elfu 30 za mwendokasi, zote zinasoma jina langu.

Faini siyo inayoninyima usingizi, naogopa ajali, maana akigonga mtu kule barabara ya Musoma polisi si wataanza na mimi?

Sasa nianzie TRA na huo mkataba au polisi kwanza? Na je kuna uwezekano gari ikazuiwa mpaka abadili jina? Aliyewahi kupitia hili anisaidie jamani.