Aiskrimu ya baklava: manda zinalowa na shira haigandi

Mkazi wa Fatih

Assalamu alaykum. Ninaishi Istanbul, na Ramadhani hii ningependa kuwaandalia jirani zangu aiskrimu yenye ladha ya baklava (kitamu cha manda na pistachio kilichonyweshwa shira), kwa kuwa wao hunifuturisha karibu kila siku. Sina mashine. Nilichemsha lita 1 ya maziwa na gramu 200 za sukari, yalipopoa nikakatia humo vipande sita vya baklava, kisha nikauacha mchanganyiko kwenye friza usiku kucha. Asubuhi nilikuta manda zimelowa kama mkate uliochovywa katika chai, chini kuna shira nzito isiyoganda, na juu kumetanda chenga za barafu. Nimekosea wapi? Je, unga wa salep ungesaidia?

Mama Iliki

Wa alaykum salaam, mwanangu. Tatizo kubwa ni sukari, kwa sababu sukari huyazuia maji kuganda, na baklava uliyoitia ilikuwa imekwisha kunyweshwa shira. Punguza sukari ya maziwa iwe gramu 120, na robo ya maziwa uibadilishe kwa krimu nzito. Baklava yenyewe usiitie kabisa. Nunua manda kavu za baklava, zipake siagi iliyoyeyushwa, uzioke hadi ziwe na rangi ya dhahabu, na zikishapoa uzivunjevunje pamoja na pistachio zilizopondwa, kwa kuwa manda iliyokolea siagi hainywi maji upesi. Zitie aiskrimu ikiwa imeanza kushika, na ubakize nyingine za kunyunyizia juu wakati wa kupakua. Zile chenga za barafu zilitokea kwa sababu mchanganyiko uliachwa umetulia. Ukoroge kwa uma kila nusu saa, mara tano au sita, hasa pembeni mwa bakuli ambako huanza kuganda.

Mwanafunzi wa Gaziantep

Nakubaliana na Mama Iliki kuhusu manda. Ama salep, huo ni unga wa viazi vya okidi za porini, nao ndio unaoifanya dondurma, yaani aiskrimu ya Kituruki, ya mji wa Kahramanmaraş ivutike. Ukiongeza maziwa ya mbuzi na kule kupigwa kwa muda mrefu kwa fimbo ya chuma, aiskrimu hiyo huwa ngumu kiasi cha kukatwa kwa kisu na kuliwa kwa uma. Kilo moja ya unga huhitaji viazi zaidi ya elfu moja, ndiyo maana bei yake ni kubwa na Uturuki imepiga marufuku kuuuza nje. Soma pakiti kwa makini, maana nyingi zinazouzwa kwa ajili ya kinywaji cha moto zimejaa sukari na wanga. Ukipata ulio halisi, gramu 6 zinatosha lita 1: uchanganye kwanza na sukari ikiwa kavu ili usifanye madonge, uunyunyize katika maziwa ya vuguvugu, kisha ukoroge juu ya moto mdogo kwa dakika 20 hivi.

Mimi mwenyewe nimeuacha, kwa sababu okidi hizo zinapungua porini na sioni haki kuzing'oa kwa ajili ya bakuli langu. Vijiko viwili vya chakula vya wanga wa mahindi hufanya aiskrimu laini, ingawa haivutiki.

Mkazi wa Fatih

Nawashukuru sana. Basi nitatumia wanga. Je, lokum nayo inafaa kutiwa ndani?

Mama Iliki

Lokum ni wanga na sukari, na katika friza huwa ngumu kutafuna; ikate vipande vidogo kama punje za dengu, au uiweke juu tu. Ningekushauri zaidi utumie tahin helvası, ile halua ya ufuta: ina mafuta mengi na maji machache, kwa hiyo hubaki ikimumunyuka hata ikiwa ya baridi. Gramu 150 zilizovunjwa kwa vidole zinatosha lita 1, lakini punguza tena sukari, gramu 30 hivi.